Jeshi la faida huanzia forodhani

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Chumbageni, Tanga. Naandika hadithi ya kubuni inayotokea mwaka 2260. Ndani yake kuna kundi la kijeshi linalopigana kwa ajili ya faida tu, nimeliita Mamba wa Chuma. Wana meli 300 za angani, wanavaa nyeusi tupu, wanarusha roketi zao kutoka Tanga na wanashambulia makazi ya watu huko Mirihi. Kaka yangu, aliyewahi kuwa jeshini, amesoma sura tatu akaniambia: "Hawa ni majambazi. Hata mshahara wao hujui unatoka wapi." Nimeumia, lakini nahisi ana haki. Nifanye nini ili msomaji aliamini kundi hili? Na kama lina nguvu kiasi hicho, kwa nini lisijitwalie tu kila kitu? Babu yangu alikata mkonge Muheza maisha yake yote, na hadithi hii naiandika kwa ajili yake, kwa hiyo nataka iwe kweli.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Sura zako nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unajua kuandika. Pale mama anapozima taa za kitalu nyumba ili hewa iwatoshe watoto usiku, niliweka karatasi chini nikatoka nje kidogo, halafu nikarudi. Tatizo ni Mamba wa Chuma. Wanaingia wakipiga, wanatoka wakicheka, na hakuna hata ukurasa mmoja ambapo mmoja wao anauliza bei ya kitu. Kaka yako amesema kwa ukali wa kijeshi, ila amesema sawa. Jambazi anaishi kwa alichopora leo. Jeshi linalouza vita ni kampuni, na kampuni inaishi kwa inachotarajia kuingiza mwakani. Kwa hiyo weka bunduki zao kando kwa muda, tuanze na daftari lao.

Wewe umekaa mahali ambapo jambo hili limekwisha kutokea. Mimi naandika nikiwa Bagamoyo, na nikitembea robo saa kutoka nyumbani nafika Liku House, jengo ambalo kampuni ya Kijerumani iliweka makao yake mwaka 1888. Hadithi yako ya mwaka 2260 imeshapita hapa mara moja, tena ikapita na kwenu Tanga.

Mjerumani Carl Peters na wenzake walikuja mwaka 1884, wakazunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya karatasi zenye alama za watawala wa huko. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alizipa karatasi hizo hati ya ulinzi, na kampuni ikasimama: Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, yaani Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Ilikuwa na wenye hisa Ulaya na hamu ya gawio, yaani faida ya kugawana. Jeshi la maana haikuwa nalo. Sasa angalia ilichokiomba kwanza ilipotaka kuanza kupata pesa. Iliomba forodha. Kwa mkataba wa Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha pwani ya Mrima kwa miaka 50, pamoja na haki ya kukusanya ushuru kwa jina lake. Agosti mwaka huohuo maofisa wake wakaanza kushika miji ya pwani. Pembe nyingi za ndovu zilizotoka Tabora na Ujiji zilikuwa zinashukia huku kwetu zikielekea Zanzibar. Ukishika mlango, mambo ya ndani ya nyumba utawaachia wenyewe wahangaike nayo.

Hili ndilo kosa la kwanza la Mamba wako. Wanashambulia makazi, wanavunja majengo, wanaua wateja. Kampuni haivunji forodha inayotaka kuikalia.

Mirihi mlango uko wapi? Uko kwenye hewa. Mtu mmoja hutumia oksijeni karibu gramu 840 kwa siku. Makazi yako ya watu 5,000 yanahitaji tani 4.2 kila siku inayopambazuka, iwe sikukuu au msiba. Oksijeni hiyo inatengenezwa kwa mitambo, na tunajua kwamba inawezekana, maana kati ya 2021 na 2023 kifaa kiitwacho MOXIE, kilichobebwa na gari la utafiti la Perseverance, kiliitengeneza kutokana na hewa ya kaboni ya Mirihi. Jumla yake ilikuwa gramu 122. Ni pumzi ya mtu mmoja kwa saa tatu na nusu hivi. Mpaka kufikia tani nne kwa siku ni safari ndefu, na ni mitambo mikubwa inayohitaji vipuri, mafundi, umeme na ulinzi. Hilo neno la mwisho ndilo mlango wao. Kundi lako likipata mkataba wa kulinda mitambo ya hewa, halihitaji kufyatua hata risasi moja. Linaweka karani mlangoni anayesoma mita.

Nakuomba uandike sura hiyo upya kwa namna hiyo: wanafika, wanavua viatu, wanasalimia wazee, wanaomba funguo za chumba cha mita. Msomaji wa pwani atasisimka kuliko kwa milipuko yako yote.

Kuna kitu nilioneshwa na mzee mmoja wa huko kwenu Ngamiani, miaka mingi iliyopita. Alikitoa kwenye kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka kiganjani mwangu: sarafu ya shaba, nyepesi, imelika ukingo. Upande mmoja tai wa Ujerumani na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili maandishi ya Kiarabu, sharakat Almaniya, yaani kampuni ya Ujerumani, na mwaka wa Hijra 1307. Ilikuwa pesa moja. Pesa 64 zilifanya rupia. Nilikaa nayo muda mrefu. Kampuni ya biashara, yenye mkurugenzi na wenye hisa, ilikuwa inatengeneza fedha ambayo mama wa Tanga angeifunga kwenye pindo la khanga na kwenda nayo sokoni kununua samaki. Mamba wako wanatisha kwa meli 300. Wape sarafu yao wenyewe, mwoneshe mtoto akitumwa dukani nayo, nao watatisha mara kumi zaidi.

Tukirudi 1888, mambo yaliiharibikia kampuni ndani ya wiki chache. Huko Pangani mwakilishi wake, Emil von Zelewsky, aligombana na liwali juu ya bendera, akaingia msikitini na mbwa. Watu wa pwani wakainuka, Abushiri bin Salim al-Harthi akiongoza Pangani na Bwana Heri bin Juma akishika Saadani. Tanga nako maofisa wakaondoka. Mwisho wa Septemba kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena chini ya mizinga ya manowari za serikali yao. Mwezi mmoja na nusu! Karani alikuwa ameshika daftari la ushuru bila kuwajua watu anaowatoza. Kwenye hadithi, kosa la aina hii ni dhahabu. Kundi lako lisianguke kwa sababu shujaa wako ana shabaha nzuri. Lianguke kwa sababu mtu mmoja aliyetumwa kutoka makao makuu ameingia na viatu mahali ambapo hakuna anayeingia na viatu.

Soma kwa makini kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo penye jibu la kaka yako kuhusu mshahara. Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha mark milioni 2 za kuizima vita ile. Hasara ya kampuni ikawa deni la mlipa kodi. Hermann Wissmann akatumwa kuunda jeshi, na hakuja na wanajeshi wa kawaida wa Kijerumani, ukiacha maofisa. Alikwenda Misri akaajiri Wasudani wapatao 600, wengi wao waliokuwa wameachwa bila kazi na jeshi la huko baada ya Sudan kupotea mikononi mwa Mahdi, kiongozi wa uasi wa huko. Wengine mia tatu na kitu aliwapata Inhambane, Msumbiji. Walifika hapa Bagamoyo, na Mei 1889 wakaivamia boma ya Abushiri. Julai wakaichukua Pangani na Tanga. Tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa Pangani. Mnara mdogo wa Dunda, uliojengwa mwaka huohuo kulinda njia ya misafara, bado umesimama hapa, na matundu yake ya bunduki yanaangalia barabara ambayo leo watoto wanapita kwenda shule.

Unaona mshahara ulikotoka? Wenye hisa hawakuutoa. Majeshi ya faida hulipwa na mtu asiyekuwepo mezani. Kwenye sura yako ya pili unasema Mamba "wanalipwa na matajiri." Matajiri gani hao, na kwa nini watoe chao? Andika badala yake mkutano wa bunge fulani duniani, wabunge wanasinzia, mmoja anasoma kifungu cha bajeti kuhusu "usalama wa njia za Mirihi", mikono inainuliwa, chai inaletwa. Hapo ndipo Mamba wamezaliwa.

Na askari wenyewe ni nani? Wewe umewavika kofia za chuma wote, hatumwoni uso hata mmoja. Wasudani wa Wissmann walikuwa na wake na watoto, na familia za askari zilikuwa sehemu ya maisha ya jeshi lile mwanzo hadi mwisho. Walikuwa watu waliopoteza kazi kwenye vita ya mwenzao. Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, ndivyo tunavyosema, na mtu anayeajiri mamluki anakwenda pale penye nguvu nyingi na kazi chache. Mwaka 2260 pale ni wapi? Labda ni delta iliyomezwa na bahari. Labda ni mji wa wachimba madini ambao madini yameisha. Wachague kwa makini, na wawe wageni huko wanakopelekwa, wasiojua lugha ya watu wanaowalinda.

Babu yako atakusaidia hapa kuliko mimi. Muulize kuhusu kipande. Kwenye mashamba ya mkonge mtu alipewa karatasi yenye nafasi 30, na kila alipomaliza kazi ya siku ilipigwa alama moja. Zikitimia 30 ndipo anapolipwa mwezi wake. Ukiugua, siku haikuhesabiwa. Ukikata pungufu, siku haikuhesabiwa. Waliotoka mbali, Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji, waliitwa manamba, kwa sababu waliandikishwa kwa namba. Huo ni utaratibu mzima wa jeshi lako na hujaugusa, ilhali unao nyumbani. Nimejaribu kukuandikia kidogo uone ninachokisema:

"Namba 4471. Mwezi wa nne. Mshahara: 900. Makato. Hewa: 310. Maji: 95. Vazi la angani, malipo ya 14 kati ya 60: 180. Risasi zilizotumika bila kibali: 40. Bima ya kurudishwa mwili nyumbani: 75. Salio: 200."

Hesabu hizi nimezitunga, wewe weka zako. Lakini angalia mstari wa vazi. Askari huyu amebakiwa na miezi 46 ya kulipia nguo inayomfanya aendelee kuwa hai. Akitoroka anatoroka na nguo ya kampuni mwilini, na kuivua hawezi. Na ule mstari wa risasi unaeleza kwa nini hapigi ovyo: kila anapovuta kifyatulio anafikiria salio.

Hapo tumegusa jambo ambalo waandishi wengi hulikosea. Jeshi la faida halipendi vita. Linapenda hali ya vita, na hayo ni mambo mawili. Miji ya Italia ya zamani ilikuwa ikikodi makamanda kwa mikataba iliyoandikwa vizuri, muda, idadi ya wapanda farasi, malipo ya kila mwezi, na kila kamanda alijua kwamba askari wake ndio mtaji wake. Akiwapoteza leo, kesho hana cha kukodisha. Mwingereza John Hawkwood aliishi kwa kazi hiyo miaka zaidi ya thelathini, akibadilisha upande kadiri mikataba ilivyoisha, akafa mwaka 1394 akiwa anaheshimiwa na Florence. Picha yake akiwa juu ya farasi iko ukutani kwenye kanisa kuu la mji huo hadi leo. Mtu wa namna hii anakuja na jeshi lake hadi jirani na jeshi la adui, ambaye naye amekodiwa, wanaangaliana, wanahesabu, halafu mmoja anaondoka. Mamba wako wana meli 300. Kila meli ina bima, mkopo na rubani aliyesomeshwa kwa miaka. Kamanda mwenye akili atakubali kupoteza ngapi? Mimi nadhani hata moja ni nyingi. Andika kamanda anayeogopa kushinda haraka, kwa sababu ushindi unamaliza mkataba, na anayeogopa kushindwa, kwa sababu kushindwa kunamaliza meli. Mtu aliyebanwa hivyo katikati unaweza kumwandikia kurasa mia.

Anga lenyewe linakusaidia. Safari ya kwenda Mirihi kwa roketi tunazozijua ni miezi saba hadi tisa, na nafasi nzuri ya kuondoka hupatikana mara moja kila miezi 26 hivi, sayari mbili zinapokuwa zimekaa vizuri. Ujumbe unasafiri kwa kasi ya mwanga na bado unachukua dakika tatu hadi 22 kufika, kutegemea umbali wa siku hiyo. Maana yake kamanda aliyeko kule hawezi kupiga simu makao makuu kuomba ruhusa watu wakiwa mlangoni na mawe mkononi. Na kikosi cha kuongeza nguvu akikiomba leo, kinaweza kumfikia baada ya karibu miaka mitatu. Mikataba yote ya hadithi yako inapaswa kwenda kwa miezi 26. Wewe umeandika "mkataba wa mwaka mmoja." Badilisha.

Swali lako la pili, kwa nini wasijitwalie kila kitu. Jibu limo ndani ya neno letu wenyewe. Tunasema mamluki, neno la Kiarabu lenye maana ya mtu anayemilikiwa. Wamamluki wa Misri walikuwa askari walionunuliwa wakiwa watumwa, wakafunzwa vita ili wamlinde sultani. Mwaka 1250 waliuchukua utawala wenyewe, wakaushika hadi Waturuki wa Uthmani walipowashinda mwaka 1517. Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, wakati mwingine wanajitwalia. Ila tazama kilichowapata baada ya hapo. Walikuwa na mfereji wa kuchimbua, kadhi wa kumteua, bei ya ngano ya kuangalia, tauni ya kuzikia watu. Hawakuwa jeshi la kukodiwa tena, walikuwa serikali. Na serikali ni biashara mbaya.

Aliyeuona ukweli huo kwa uchungu mkubwa ni Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Ilipewa hati tarehe 31 Desemba 1600 ikauze na kununua viungo. Mwaka 1765 ikapata haki ya kukusanya kodi ya Bengal yote, wenye hisa wakashangilia. Miaka mitano baadaye njaa ikaingia Bengal, watu wakafa kwa mamilioni huku kodi ikiendelea kudaiwa, na mwaka 1773 kampuni iliyoonekana tajiri kuliko zote ilikuwa imeshapiga magoti mbele ya Bunge la London kuomba mkopo, ikapewa pauni milioni 1.4. Haikukoma. Kufikia 1803 ilikuwa na askari wapatao 260,000, mara mbili ya jeshi la Uingereza yenyewe. Mwaka 1857 askari wake wa Kihindi wakaasi, na mwaka 1858 taji la Uingereza likachukua nchi. Mimi nikisoma habari za njaa ile ya Bengal bado nafunga kitabu. Ukitaka Mamba wako wafanye uovu ambao msomaji hatausahau, acha kuwapa mabomu. Wape mwaka ambao mitambo ya hewa imepungua nguvu, na karani ambaye bado anasoma mita, kwa sababu gawio limeshaahidiwa.

Wanavyoisha ni rahisi kusema: mkono mtupu haulambwi. Askari wa faida anabaki mwaminifu mpaka siku ya malipo ipite bila malipo, au mpaka ahisi kwamba biashara yake inanyang'anywa. Juni 2023 tuliona kundi la Wagner la Urusi likigeuza magari kuelekea Moscow baada ya ugomvi wa risasi na baada ya wizara ya ulinzi kuwataka wapiganaji wasaini mikataba nayo moja kwa moja. Kiongozi wao, Yevgeny Prigozhin, alikufa kwenye ajali ya ndege miezi miwili baadaye. Kuna na mwisho wa kimyakimya ambao mimi nauona mbaya zaidi. Kampuni ya Afrika Kusini iitwayo Executive Outcomes iliingia Sierra Leone mwaka 1995, ikawasukuma waasi mbali na Freetown na kwenye machimbo ya almasi ya Kono. Ilifanya kazi iliyolipwa kuifanya. Baada ya makubaliano ya amani ya Novemba 1996 ikafunga virago, ikaondoka Januari 1997. Mei mwaka huohuo serikali iliyokuwa ikilindwa nayo ikapinduliwa. Watu wa Kono hawakuwahi kuwa sehemu ya mkataba ule. Ulinzi ulipoondoka, uliwaacha mikono mitupu.

Sheria nakugusia kwa haraka. Mwaka 1977 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha huko Libreville mkataba unaoufanya umamluki kuwa uhalifu, nao ulianza kutumika mwaka 1985. Mkataba wa anga za juu wa mwaka 1967 unasema nchi inawajibika kwa shughuli za angani za kampuni zake. Kwa hadithi yako maana yake ni hii: kundi lako litahitaji bendera ya nchi, na litaitafuta kwa nchi ndogo isiyouliza maswali, kama meli nyingi leo zinavyopeperusha bendera ya Panama au Liberia. Na neno mamluki halitatamkwa ofisini kwao hata mara moja. Kwa sababu hiyohiyo jina la Mamba wa Chuma litafute mbadala. Executive Outcomes ni jina la ofisi ya ushauri, halina meno wala kucha. Mimi ningechukua lile neno la kwenye sarafu: Sharika. Linasikika kama shirika, kama ushirika, kama kitu ambacho jirani yako ana hisa ndani yake.

Kuhusu kurusha roketi kutoka Tanga, hapo uko sawa kabisa, usimsikilize anayekucheka. Dunia inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa kwenye Ikweta, na Tanga, ikiwa nyuzi tano tu kusini yake, inaipata karibu kasi yote hiyo bure. Kwa jirani zetu imeshafanyika: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Ila kuna kitu umekisahau na kipo mbele ya macho yako ukisimama Raskazone. Roketi hurushwa kuelekea mashariki, na mashariki ya Tanga kuna Pemba. Kila roketi itapita juu ya mikarafuu ya watu. Nani atawalipa bima? Nani atawaambia siku ya kutokwenda kuvua? Sharika ikishika ofisi inayotoa vibali vya kuvua na fidia za Pemba, imeishika bandari yote ya anga, na bado haijapiga mtu kofi. Sura nzima hiyo nakupa.

Mavazi meusi yaache. Juani huko nje nyeusi inakula joto, na ndiyo maana mavazi ya kutokea nje ya chombo hushonwa meupe. Askari anayelipia vazi lake kwa miezi 60 hatakubali rangi ya kumuua.

Limebaki jambo la babu yako. Kampuni ile ya 1888 iliishia wapi? Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilichukua utawala, Machi jeshi la Wissmann likawa jeshi la Kaisari. Kampuni ilipoteza forodha, ikapoteza madaraka. Haikufa. Mwaka 1893 mtaalamu wake wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mmea mgeni kutoka Florida. Ilipitia Hamburg ikafika Tanga, na kasha lilipofunguliwa iliyokuwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, upande wa pili wa mto Pangani, jirani na mji ulioiasi kampuni hiyohiyo miaka mitano nyuma. Ule ndio mkonge. Kila shamba ulilopita ukienda Muheza, na kila jani alilolikata babu yako, linarudi kwenye kasha lile.

Hadithi yako sasa inaishia kwenye mlipuko wa meli ya kamanda. Mimi ningeuruka mlipuko huo na kwenda miaka mitano mbele. Vita vimesahaulika, watoto wa Mirihi wamekua, kuna kazi mpya ya kitalu na watu wanajiandikisha kwa namba. Mama yuleyule aliyezima taa anaitwa kufungua kasha kutoka duniani. Anahesabu miche iliyo hai, anaandika idadi kwenye daftari, halafu anageuza kifuniko ili aone kasha limetoka kwa nani.